Kwa nini turbofeni za kwanza zenye aftabana zilipaliwa mara kwa mara

SWALI: Shikamoo fundi. Nimezaliwa Salalah, wazee wangu ni watu wa Unguja. Nilipokuwa mdogo marehemu baba alikuwa akiendesha lori kwenda Muscat, na tukipita Thumrait usiku tuliwahi kuona ndege za kivita za Jaguar zikiruka na ndimi mbili za moto mkiani, moja ikiwaka kabla ya mwenzake. Juzi nimesoma kwamba injini ile ni turbofeni, jamii moja na injini za ndege za abiria. Nani alifikiria kutia moto nyuma ya turbofeni? Mbona za abiria hazina? Na kwa nini ndege za kivita za Kimarekani, F-111 na F-14 za mwanzo, zilisifika kwa injini kupiga mishindo na kuzimika hewani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu lakini yote yana mzizi mmoja, nao ni mfereji wa hewa unaoizunguka injini. Ukiuelewa mfereji huo umeelewa kwa nini wahandisi waliutamani moto ule, na kwa nini uliwasumbua kwa miaka karibu ishirini.

Tuanze na turbojeti, injini ya kizamani zaidi. Hewa yote inayoingia mdomoni inapita kwenye kompresa, yaani safu za pangaboi zinazoibana hewa, inachanganywa na mafuta, inawaka, inazungusha turbini, kisha inatoka nyuma. Pangaboi za turbini ndizo zinazokuwekea mpaka: ukiunguza mafuta mengi kupita kiasi zinayeyuka. Kwa hiyo unachoma mafuta machache kuliko hewa inavyoruhusu, na gesi inayotoka mkiani bado ina sehemu kubwa ya oksijeni yake. Aftabana ni bomba linalofungwa nyuma ya turbini. Humo unamwaga mafuta mara ya pili na kuyawasha, na kwa kuwa mbele ya moto huo hakuna tena pangaboi za kuyeyuka, unaweza kuchoma bila huruma. Injini ya J79 iliyokuwa kwenye ndege za kivita za Kimarekani, Phantom, ilikuwa na msukumo wa kilonyutoni 48 hivi ikiwa kavu, na karibu 76 ikiwashwa moto. Nyongeza hiyo ni zaidi kidogo ya nusu.

Turbofeni inafanya kazi vingine. Mbele kuna feni kubwa kuliko kiini cha injini, yaani ile sehemu yenye kompresa, moto na turbini, na sehemu ya hewa inayosukumwa na feni haiingii kwenye kiini kabisa. Inapita pembeni, katika mfereji unaokizunguka kiini kama ganda la nje la kitunguu. Hewa hiyo haijaonja moto. Oksijeni yake yote imo. Ukiifikisha kwenye bomba la aftabana na kuimwagia mafuta, nyongeza ya msukumo inakuwa kubwa kupita ile ya turbojeti. Spey ya Rolls-Royce iliyofungwa kwenye Phantom za Waingereza ilitoka kilonyutoni 54 hadi 91. RM8A ya Waswidi ilitoka 65 hadi 115. Hapo tunazungumzia nyongeza ya theluthi mbili hadi robo tatu.

Majeshi ya miaka ya 1960 yalitaka kitu hicho hasa. Ndege iruke mbali sana kwa mafuta kidogo, kisha ikifika kwa adui ikimbie kupita sauti. Turbojeti inakimbia vizuri lakini inakunywa mafuta. Turbofeni kavu inabana matumizi lakini pumzi yake ya nyuma ni ya polepole, na ndege ikishapita kasi ya sauti pumzi hiyo haina nguvu ya kutosha. Ukiipa aftabana unapata mashine mbili ndani ya ganda moja. Bei yake unailipa kwenye tangi: moto ukiwaka, kwa kila kilo ya msukumo, injini hizi za mwanzo zilikula mafuta mara tatu hadi nne ya zilivyokula zikiwa kavu. Ndiyo maana rubani huhesabu aftabana kwa dakika.

Nani alifikiria kwanza? Watu huitaja F-111 kana kwamba wazo lilizaliwa Texas. Wazo ni la zamani zaidi. Frank Whittle wa Uingereza aliandikisha hataza ya injini ya hewa ya pembeni mwaka 1936, kabla hata turbojeti yake ya kwanza haijawashwa. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliagiza kwa siri ndege ya majaribio, Miles M.52, ambayo lengo lake lilikuwa maili 1,000 kwa saa. Injini iliyopangwa ilikuwa W.2/700 ya Whittle, na kwa kuwa nguvu yake peke yake haikutosha, nyuma yake aliongeza feni inayozungushwa na gesi ya mkiani, kisha nyuma ya feni hiyo akaweka sehemu ya kuchoma mafuta tena. Kwa maneno ya leo, hiyo ni turbofeni yenye aftabana. Mradi ulifutwa Februari 1946 na ndege haikuruka kamwe. Mimi huhesabu uamuzi huo kuwa mmoja wa mibaya zaidi katika historia ya urubani wa Waingereza, ingawa najua wapo watakaobisha.

Upande wa Urusi ya Kisovieti alikuwepo Arkhip Lyulka, kijana wa Ukraine aliyekuwa Kharkiv mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1941 alipewa cheti cha uvumbuzi cha injini ya mikondo miwili ya hewa. Vita ikaja, mchoro ukalala. Karakana yake ndiyo miaka mingi baadaye ikatoa AL-31F, na herufi hizo mbili za mwanzo ni za jina lake. Ukizisikia Su-30 za jeshi la Uganda zikinguruma kutoka Entebbe, hiyo ni AL-31F, turbofeni yenye aftabana. Nasisitiza hilo kwa sababu moto mkiani peke yake haukuambii aina ya injini. F-5 za Kenya nazo zina aftabana, lakini injini zake ni turbojeti.

Turbofeni ya kwanza kuingia kazini ilikuwa Conway ya Rolls-Royce, nayo haikuwa na moto wa nyuma. Wazee wa pwani wanaikumbuka bila kuijua jina: ndizo injini nne zilizokuwa mkiani mwa Super VC10 za East African Airways. Conway za mwanzo zilipitisha pembeni chini ya theluthi moja ya hewa iliyoingia kwenye kiini, mfereji mwembamba kwelikweli. Tuiache hapo, kwa kuwa balaa inaanza mfereji ukipanuka na moto ukiwashwa mwishoni mwake.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penyewe. Katika turbojeti, kati ya aftabana na kompresa kuna turbini, na gesi inapojipenyeza kwenye matundu ya turbini inafika kasi ya sauti. Mshindo wowote unaotokea nyuma, kwa mfano moto uliowaka ghafla, unasafiri kwa kasi ya sauti, kwa hiyo hauwezi kupanda mkondo unaokuja kwa kasi hiyohiyo. Turbini inakuwa kama mlango uliofungwa. Mbele hapajui kilichotokea nyuma.

Katika turbofeni mlango huo upo kwenye kiini tu. Mfereji wa pembeni hauna turbini. Ni ushoroba mtupu kutoka kwenye moto hadi mgongoni mwa feni. Moto ukiwaka kwa kishindo, shinikizo linapanda ghafla, wimbi lake linakimbia mbele kupitia ushoroba huo, na katika sehemu ndogo sana ya sekunde linaipiga feni kwa nyuma. Feni ilikuwa inasukuma hewa dhidi ya shinikizo fulani na sasa limepanda bila taarifa. Hewa inashindwa kung'ang'ania pangaboi, mkondo unavunjika, pengine unageuka na kutoka kwa mbele. Kwa lugha yetu ya karakana injini imepaliwa, kama mtu aliyekunywa maji huku anacheka. Rubani anasikia mshindo kama wa mzinga, wakati mwingine mfululizo, na moto unaweza kutoka mdomoni badala ya mkiani. Kwa hiyo ule mfereji unaoleta hewa safi ya kulisha moto ndio huohuo unaorudisha ghadhabu ya moto hadi mbele.

Kuna la pili. Hewa ya mfereji ni baridi, kwa vipimo vya injini. Gesi ya kiini inafika kwenye aftabana ikiwa na zaidi ya nyuzi 500 za selsiasi, hewa ya pembeni haizidi sana joto la maji yanayochemka. Mafuta ya jeti ni ndugu wa mafuta ya taa. Je, umewahi kuwasha lile jiko la mafuta ya taa la kupampu? Ukipampu kabla kichwa chake hakijapata joto, mafuta yanaruka kama mkojo wa mtoto na hayawaki sawasawa, au yanawaka kwa mwali mrefu mwekundu unaotia masizi dari nzima. Ndiyo maana bibi zetu waliwasha spiriti kwanza, chuma kikapata joto, mafuta yakageuka mvuke, ndipo wakapampu. Kwenye mkondo wa kiini mafuta yanageuka mvuke mara moja. Kwenye mkondo wa pembeni yanabaki matone. Ukichelewa kuwasha, yanajikusanya, na yatakapowaka yatawaka kwa pamoja: bwaa! Huo ndio mshindo unaorudi kwenye feni.

Halafu moto wenyewe lazima ushikwe usipeperuke, kwani gesi humo inapita zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Siku moja, nilipokuwa nafanya kazi Ghuba, nilishikishwa kishikizi cha moto kilichotolewa kwenye injini iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo makubwa. Ni mduara wa chuma uliokunjwa kama herufi V, upana wa vidole vitatu hivi, ncha ya V ikielekea mbele. Kwa macho hakina ajabu, unaweza kudhani ni mfereji wa paa wa kuchezea. Gesi ikikipita, nyuma yake kunakuwa na kizunguzungu cha hewa iliyotulia, kama maji nyuma ya nguzo ya gati, na moto unajificha humo kama mwali wa kiberiti nyuma ya kiganja wakati wa kaskazi. Kile nilichoshika kilikuwa kimepinda upande mmoja na rangi imegeuka zambarau na buluu, kwa sababu tundu moja la kunyunyizia mafuta lilikuwa limeziba nusu na mwali ulikuwa unalamba upande mmoja tu. Fundi mkuu hakunipa mhadhara. Alinionyesha tundu lile kwa ncha ya bisibisi, akaenda zake.

Kampuni ya Kimarekani Pratt & Whitney walizichukua shida zote hizi kwa pamoja kwenye injini yao ya TF30. Injini hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama pendekezo la ndege ya abiria, ikakosa mteja, ikajikuta jeshini. Mwaka 1962 kampuni ya General Dynamics ilipewa kazi ya ndege ambayo Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani, aliitaka iwatumikie jeshi la anga na jeshi la majini kwa pamoja. F-111 iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1964 ikiwa na TF30 mbili, na TF30 ndiyo huhesabiwa kuwa turbofeni ya kwanza yenye aftabana kutengenezwa kwa wingi. Feni yake ilikuwa na safu tatu, ikifuatiwa na kompresa mbili, na hewa ya pembeni ilikaribia kulingana na ile ya kiini.

Walijua kuhusu mlango ulio wazi. Aftabana yao waliigawa kanda tano zinazowashwa moja baada ya nyingine, ili shinikizo lipande kwa ngazi na nozeli, yaani tundu la nyuma la kutokea gesi, ipate muda wa kufunguka. Nozeli ni lazima ifunguke moto unapoongezeka, la sivyo gesi inabanana na unarudi palepale kwenye wimbi la kwenda mbele. Wazo zuri. Lakini kuisawazisha pampu ya mafuta, nozeli na kasi ya feni kwa vidhibiti vya kimakanika, vyenye kamu na springi na mafuta ya shinikizo, katika kila urefu na kila kasi, ilikuwa kama kupanga ngoma tatu zipigwe na watu wasioonana.

Shida ikazidishwa na mdomo wa ndege. Matundu ya kuingizia hewa ya F-111 yaliwekwa chini ya mabawa, yakiwa yamebanwa kwenye ubavu, na njia ya kufika kwenye feni ilikuwa fupi. Hewa inayotambaa ubavuni mwa ndege huwa imechoka na imevurugika. Ilipoingia pamoja na ile nzuri, feni ikawa inakula mchanganyiko: upande huu shinikizo kubwa, upande ule dogo. Feni ya namna hiyo iko ukingoni tayari, inasubiri kusukumwa kidogo tu ili ipaliwe, na msukumo huo ukitoka nyuma au mbele kwake ni mamoja. Ndege za kwanza zilipaliwa zikikimbia sana na zikiinua pua.

Katika uchunguzi wa tatizo hili kulipatikana elimu ambayo naiona kuwa na thamani kuliko ndege yenyewe. NASA walichukua F-111 moja, wakaipeleka kwenye kituo chao Edwards, California, wakaijaza vihisi vya shinikizo mbele ya feni, huku wenzao wa Cleveland wakiitesa TF30 ndani ya chumba kinachoiga hewa ya juu. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wakipima wastani wa mvurugiko wa hewa kwa muda, na kwa wastani huo injini ilipaswa kuwa salama. Vihisi vya haraka vilionyesha kwamba injini haipaliwi na wastani. Inapaliwa na kipande kimoja kibaya cha hewa kinachodumu kufumba na kufumbua, kiasi cha feni kuzunguka mzunguko mmoja hivi. Tangu hapo hakuna aliyebuni ndege ya kivita bila kukaa mezani na mtu wa injini mapema. Matundu ya F-111 za baadaye yalibuniwa upya, yakasogezwa mbali kidogo na ubavu, na injini ikarekebishwa. Tatizo likapungua, halikwisha.

Halafu wakaichukua injini hiyohiyo wakaiweka kwenye F-14. Jeshi la majini lilikuwa limeikataa F-111 yao mwaka 1968, na ndege mpya ikaruka Desemba 1970 ikiwa na TF30 kama mpango wa muda. Injini iliyokusudiwa kuirithi ilifutwa kwa sababu ya gharama na matatizo, na muda ukageuka kuwa zaidi ya miaka kumi na tano. Ona mkasa wake: F-111 ilibuniwa kurusha mabomu, hukimbia ikiwa imenyooka. F-14 ni ndege ya kupigana na ndege. Rubani anainua pua ghafla, anasukuma na kuvuta mkono wa gesi bila kupanga, yaani anafanya kila kitu TF30 isichopenda. Injini zake mbili zimeachana karibu mita tatu, kwa hiyo moja ikipaliwa na nyingine ikiwa kwenye aftabana kamili, ndege inazungushwa kama mwiko. Marubani walijifunza kuirusha injini kwanza na ndege baadaye. John Lehman, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, aliwaambia wabunge wa Marekani bila kupepesa kwamba ilikuwa injini mbovu kwa ndege ile. Mimi ningemrekebisha kidogo. Injini haikuwa mbovu, iliozwa mahali pasipo pake. Ilipofungwa kwenye A-7A ya mashambulizi, bila aftabana, haikutia fora kwa ubaya namna hiyo. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, F-14 ilipopewa injini ya F110 ya General Electric na marubani wakaruhusiwa kusukuma gesi watakavyo.

Waingereza walipita njia nyingine wakaumia kwingine. Waliinunua Phantom lakini wakataka Spey yao ndani yake, kwa sababu meli zao za kubebea ndege zilikuwa ndogo na zilihitaji msukumo mkubwa wa kurukia. Spey ni nene kuliko J79, inataka hewa zaidi, kwa hiyo matundu yalipanuliwa na kiuno cha ndege kikanenepa. Matokeo yake ni ndege iliyoruka na kupanda vizuri chini chini kuliko ya Kimarekani, lakini juu kabisa ikaachwa nyuma kwa kasi. Kwa jeshi la majini iliwalazimu pia kuharakisha kuwaka kwa moto, maana rubani anayekosa waya wa kumkamata sitahani hana sekunde za kungoja. Mwaka 1969 Phantom hizo zilifanya mazoezi kwenye meli ya Kimarekani Saratoga. Kwa kuwa mguu wa gurudumu la mbele ulirefushwa ili pua iwe juu, moto wa Spey ulielekea chini sana, na mabati ya sitaha yakapinda kwa joto. Baada ya hapo waliruka wakiwa wepesi na bila moto. Meli yao wenyewe, Ark Royal, ilikuwa na ngao za moto zinazopozwa kwa maji.

Waswidi nawavulia kofia. Walichukua JT8D, injini ya abiria kabisa, ile ya Boeing 727, ya DC-9 za East African Airways, na ya Boeing 737-200 za Air Tanzania zilizotupeleka Mwanza na Kilimanjaro. Volvo Flygmotor wakaiimarisha, wakaiundia aftabana yao na nozeli ya kugeuza msukumo wa kutulia ardhini, wakaiita RM8. Ndege yao ya kivita, Viggen, iliruka nayo Februari 1967, ikaweza kuruka na kutua kwenye vipande vya barabara kuu za kawaida. Nayo ilipata kupaliwa. Toleo la pili, RM8B, lilipewa safu ya tatu ya feni, na sababu mojawapo ilikuwa kuituliza juu angani.

Warusi walijaribu jambo ambalo kwa maoni yangu halikustahili kujaribiwa: turbofeni yenye aftabana kwenye ndege ya abiria inayopita kasi ya sauti. Tu-144 ilipaa tarehe 31 Desemba 1968, miezi miwili kabla ya Concorde, kwa NK-144 nne za Kuznetsov. Concorde ilitumia turbojeti, ikawasha moto wa nyuma wakati wa kuruka na wakati wa kuvuka kizuizi cha sauti, kisha ikauzima na kwenda mara mbili ya kasi ya sauti ikiwa kavu. NK-144, kwa kuwa pumzi ya turbofeni ni ya polepole, ilibidi iendelee kuwaka njia nzima. Mafuta yaliisha mapema, safari zikawa fupi, na mwishowe wakarudi kwenye turbojeti kwa toleo la Tu-144D. NK-144 ilikuwa ni gari la mizigo lililoingizwa kwenye mbio.

Sasa Jaguar yako. Injini yake ni Adour ya Rolls-Royce na Turbomeca ya Ufaransa, ndogo, yenye hewa ya pembeni pungufu kidogo ya ile ya kiini. Jaguar iliruka mara ya kwanza Septemba 1968. Zile za mwanzo za Waingereza zilitoa kilonyutoni 23 kila injini zikiwa kavu na 32 kwa moto, kidogo mno kwa ndege nzito, hata marubani wao walikuwa na utani kwamba Jaguar hairuki, dunia ndiyo inayojikunja na kuiacha hewani. Kosa lake la awali linafundisha. Kati ya msukumo mkavu wa mwisho na moto wa chini kabisa palikuwa na pengo. Ukipoteza injini moja na unataka kutua, kavu haikutoshi, moto unakuzidi. Wakaunda namna ya kuwasha moto huku injini ikiwa chini ya kasi yake kamili, pengo likazibika. Oman ilipopokea zake mwaka 1977 zilikuwa na Adour iliyoongezwa nguvu, na hali ya joto ya Thumrait ilizihitaji nguvu hizo. Hewa ya moto ni nyepesi, feni inapata kidogo cha kusukuma.

Ungedhani kufikia miaka ya 1970 mambo yalikuwa yamekwisha. Hapana. Ndege ya kivita ya Kimarekani F-15 iliruka Julai 1972 kwa F100, injini nyepesi na yenye nguvu ajabu kwa wakati wake, na mlango wa nyuma bado ulikuwa wazi. Aftabana ikizimika juu angani kwenye hewa nyembamba, mafuta yakaendelea kumwagika kwa muda mfupi, kisha yakawaka tena kwa pamoja, wimbi lilikwenda mbele kupitia mfereji, likafika nyuma ya feni, na hapo likageuka na kuingia kwenye kiini. Kiini kinapaliwa na hakirudi. Kasi inashuka, joto la turbini linapanda, na dawa pekee ni kuizima injini yote na kuiwasha upya hewani. Tiba yake naipenda kwa urahisi wake. Kuna ukingo wa chuma unaogawa hewa, hii ya kiini, hii ya pembeni. Waliusogeza mbele, karibu kabisa na mgongo wa feni, ili wimbi linalokuja kwa mfereji lisipate upenyo wa kugeukia kwenye kiini. Tiba iliyobaki ilikuja miaka ya 1980 na kompyuta ya kudhibiti injini, pamoja na kihisi kinachochungulia ndani ya bomba na kuthibitisha kwamba kanda ya kwanza imewaka kweli kabla ya kuruhusu mafuta ya kanda zinazofuata. Zile ngoma tatu zikapata mpigaji mmoja.

Kuhusu ndege za abiria: Dreamliner za siku hizi zinapitisha pembeni hewa mara 9 au 10 ya ile ya kiini. Zinasukuma hewa nyingi sana polepole, na hapo ndipo uchumi wao ulipo. Kuiunguza hewa yote ile ungehitaji bomba kubwa kama kontena, zito, lenye kelele za kuamsha wilaya, kwa ajili ya kasi ambayo hakuna anayeihitaji kwenda Dubai. Turbofeni za kivita zinabana hewa ya pembeni isipite sana ile ya kiini, na nyingi ziko chini ya hapo.

Na zile ndimi mbili ulizoziona, moja ikitangulia? Kila injini ina kiwashio chake na pampu yake, na hazifungamani. Rubani anasimama mwanzo wa njia akiwa amekanyaga breki, anasukuma mikono yote miwili, anatazama saa za nozeli. Nozeli ya kushoto inafunguka, moto umeshika. Ya kulia inachelewa nusu sekunde, nayo inafunguka. Hapo ndipo anaachia breki. Wewe ukiwa kwenye lori la baba ulikuwa unasoma saa zilezile, kwa nje.